Mwimbaji Niliyemwandika kwa Wino Mwekundu

Ndosho, Goma, saa tisa mchana

Kahindo, mwanangu, mama yangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Katoyi kumuaga shangazi yako, nami nakujua: utasimama kwa muuza makala ya kupikia, utasimama kwa mama wa mandazi, utasimama kwa yule mzee anayechonga chukudu, mikokoteni ya mbao, pale njia panda, na kila mmoja utamuuliza habari za watoto wake kwa majina yao. Kwa mwendo wako huo nina saa tatu nzima. Ndiyo sababu naandika sasa, mlango ukiwa wazi na jua likiwa bado mezani.

Mambo ya safari siyaandiki. Shangazi yako amekwisha kukufundisha mahali pa kuficha karatasi zako, na mjomba wako wa Kampala amepiga simu mara nne kuhusu kituo cha kushukia. Mimi nimebaki na jambo moja ambalo hakuna mwingine anayeweza kukuambia. Wiki hii nimejaribu mara mbili kulisema kwa mdomo. Mara ya kwanza niliishia kukuuliza kama umekula. Mara ya pili nilisahihisha Kifaransa chako, na wala hukuwa unaongea na mimi, ulikuwa kwenye simu.

Ni habari ya lile daftari la mchezo, na ukurasa wake wa mwisho, pale nilipoandika jina lako kwa wino mwekundu. Uliusoma. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Leo una ishirini, kesho unapanda basi kwenda kusomea uuguzi, na sitaki uondoke na rangi ile.

Unajua mimi ni mtu wa pointi. Miaka kumi na tisa nilifundisha darasa la tano kule Rutshuru, na mkono uliozoea kusahihisha haupumziki ukifika nyumbani. Mama yenu alikuwa akiweka sahani ya majani ya sombe mbele yangu, anajishika kiuno, anauliza: "Leo ni ngapi, mwalimu?" Nami, mjinga, namjibu: "Kumi na nne juu ya ishirini. Chumvi imechelewa." Siku moja aliichukua sahani akampelekea jirani asiyetoa pointi, nikalala na njaa. Nilitoa pointi kwa mahubiri ya padri, kwa mvua, kwa namna watu walivyolia matangani. Niliamini kwamba mtu akishajua kiwango chake, anajua njia. Siku hizi ninaikumbuka sahani ile ya sombe kuliko ninavyoweza kuandika. Ningeila bila chumvi kabisa.

Tulipokimbia Rutshuru tuliacha mbuzi, tukaacha mahindi yaliyobakiza wiki mbili, tukaacha na kitanda ulichozaliwa juu yake. Lakini kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati langu, ile ya rangi nne niliyopewa na wazazi wa wanafunzi mwisho wa mwaka: bluu, kijani, nyeusi, nyekundu. Pale kambini Kanyaruchinya nilikuwa na kalamu na sikuwa na darasa. Niliamka asubuhi, nikavaa shati la kazi, nikazunguka kambi mpaka jioni. Mama yenu alinionea haya.

Ndipo akaja Faustin. Unamkumbuka, yule kijana wa Butembo aliyekuwa akichezesha watoto, mrefu, mwenye viatu vya rangi mbili tofauti. Alikuwa na kitabu kinene cha Kifaransa, cha mchezo ambao sikuwahi kuusikia, na meza yake ilikuwa mlango uliolazwa juu ya mawe ya volkano. Kila mchezaji alijitengenezea mtu kwenye karatasi aliyoiita fishi: kazi yake, nguvu yake, vipaji vyake, vitu alivyobeba. Halafu Faustin akawa anasimulia. Mko mbele ya daraja, kuna mlinzi, mnafanya nini? Kila mmoja anasema mtu wake anafanya nini, kisha anatupa kete, na kete ndiyo inayoamua kama ameweza. Ilikuwa kete ya plastiki ya kijani, imemeguka kidogo pembeni, yenye pande ishirini. Nilipoiona nilicheka mpaka nikakohoa. Kumbe hata bahati inatoa pointi juu ya ishirini!

Watoto walishindwa kuchagua. Kitabu kilikuwa na kazi kumi na mbili na vipaji zaidi ya mia, na kaka yako Kambere alimaliza siku mbili akifuta na kuandika mpaka fishi yake ikatoboka. Nikaona darasa langu limerudi. Nilikiazima kile kitabu, nikajifungia kwenye hema siku tano, nikatoka na daftari. Kila kitu nilikuwa nimekipa rangi. Bluu: chagua bila kuuliza. Kijani: kizuri. Nyeusi: kinavumilika. Nyekundu: usikiguse. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Rutshuru.

Watoto walipanga mstari mbele yangu. Wenzako wote watano wakachagua bluu, na bluu ilikuwa mpiganaji wa shoka kubwa, kwa sababu nilikuwa nimepiga hesabu na hakuna aliyeumiza adui kuliko yeye. Wewe peke yako ulikataa.

"Papa, mi nataka mwimbaji."

"Mwimbaji ni nyekundu, mama. Hapige, haponyeshe batu. Anaimba tu."

"Minajua. Ni yeye nataka."

Nilimwambia Faustin akuandikie, lakini nilitikisa kichwa mbele ya wenzako. Na wao wakacheka. Halafu siku ya mchezo ulikuwa na homa, hukuja, wakaenda watano wenye shoka peke yao. Walifika kwenye daraja. Mlinzi aliwauliza swali. Hawakuwa na mtu wa kujibu, wakampiga. Walinzi arobaini wakatoka, na kabla foleni ya maji haijafika nusu, wote walikuwa wamekufa.

"Mwalimu, ona sasa!" Faustin aliniambia huku anafuta machozi ya kicheko. "Bote ni benye shoka. Nani angeongea na mulinzi?"

"Hesabu yangu ni ya kweli," nilimjibu.

"Hesabu haina shida. Lakini uliandika bluu. Bluu kwa meza gani? Kwa safari ya wapi? Pamoja na nani?"

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilirudi kwake na daftari, na ndivyo nilivyoanza kujifunza kupima, mimi niliyekuwa nimepima watoto wa watu miaka kumi na tisa.

Nikuambie nilichojifunza, kwa sababu nakupa daftari hili na utaliona limejaa mistari ya kukata maneno. Mtu wa mchezo hapimwi akiwa amesimama peke yake. Kipaji cha kupumua chini ya maji nilikipa bluu kwa sababu nalipenda ziwa. Tulicheza miezi sita, hatukukuta hata dimbwi. Kitu kinapimwa kwa mara ngapi kitahitajika, na njia ndiyo inayojua, kitabu hakijui. Siku nyingine Kambere alitupa ishirini mara mbili mfululizo akiwa na mkuki, nikakimbia kuupandisha mkuki kutoka nyeusi kwenda bluu siku hiyo hiyo. Faustin aliniuliza kama huwa nampa mtoto shahada kwa swali moja alilojibu vizuri. Na kuna vipaji nilivyoviandika nyekundu vikiwa havina ubaya wowote, ila tu vilipangwa jirani na kizuri zaidi, na fishi ina nafasi ya kimoja. Hilo pia ilibidi niliandike: siyo kwamba hakifai, ni kwamba ukikichukua unakikosa kile. Nilianza kuandika maneno mengi kuliko rangi. Mtoto akija na kitu chekundu anachokipenda, sikumwambia tena aache. Nilimwonyesha namna ya kukibeba vizuri.

Lakini mwimbaji nilimwacha palepale. Nilikuwa na kichwa kigumu, na wewe ulikuwa mtoto wangu, sikutaka uwe umesema kweli.

Basi Faustin akanipa kazi. Alichora mistari miwili kwenye karatasi, akaniketisha pembeni ya meza mchana mzima. Kila mara mchezaji alipofanikiwa kwa nguvu zake, niweke alama kwake. Kila mara alipofanikiwa kwa sababu mwimbaji alimwimbia kabla hajatupa kete, ile nyongeza ya pointi mbili tatu, niweke alama kwa mwimbaji. Nilidhani ni kazi ya kitoto. Kufikia saa kumi upande wako ulikuwa umejaa, nikageuza karatasi nikaendelea nyuma. Shoka la Kambere lilipiga mara tisa siku ile, na mara sita lingekosa bila wewe. Wala hakuna aliyekuona. Hata wewe hukujiona, ulikuwa unauliza tu jina la punda wa mlinzi.

"Ulihesabu mukono yake," Faustin alisema. "Haukuhesabu mikono anayosaidia."

Nilipiga mstari juu ya mwimbaji kwenye nyekundu, nikamwandika kijani. Ninakiri kwamba bluu ilinishinda.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Wiki ile milio ya bunduki ilikuwa inasogea. Kila mtu kambini alikuwa anapanga namna ya kukimbia. Nami nikafanya kile ninachokijua. Nilifungua ukurasa wa mwisho nikaandika familia yangu kama kundi la mchezo, nipange nani atangulie, nani abebe nini. Kambere: bluu. Mimi: kijani. Mama yenu, kwa ajili ya mguu wake mgonjwa: nyeusi. Na wewe, mama: nyekundu. Mbele yako niliandika: anasimama na kila mtu.

Nilikuwa nimekwisha kujifunza, Kahindo. Hilo ndilo linaloniuma. Kwenye mchezo nilikuwa nimekwisha kubadilisha, nilikuwa na karatasi iliyojaa alama pande mbili. Lakini hofu ilipoingia nilirudia hesabu ya zamani, nikahesabu mabega na miguu. Sikujiuliza ni kwa meza gani.

Siku yenyewe ilipofika, nilifuata ukurasa ule neno kwa neno. Kambere mbele, miaka kumi na sita, mabega yake yamekwisha kunipita, abebe turubai na sufuria, ashuke mjini apite mpaka kambi ya Mugunga, atushikie mahali kabla hapajajaa. Mimi nifuate na magunia, niyaache kwake, nirudi kumchukua mama yenu. Na mama yenu aje polepole na mguu wake, pamoja na wewe. Kabla hajaondoka, Kambere aliokota kete ya Faustin kwenye meza akaitia mfukoni. "Papa, bahati ninakwenda nayo," alisema, akacheka. Nami nilikugeukia wewe, nikakuambia kwa ukali: "Leo usisimame na mutu, Kahindo. Unasikia? Usisimame!"

Nilifika Mugunga jioni. Nilizunguka nikiita jina la Kambere mpaka watu nisiowajua wakaanza kuniitikia kwa huruma. Nilitaka kurudi, njia ilikuwa imefungwa. Siku mbili nilikaa juu ya magunia, sijui nimlilie nani kwanza.

Siku ya tatu mkaja. Mama yenu alikuwa amekaa juu ya chukudu, juu ya gunia la makala kama mke wa chifu, mwanamume nisiyemfahamu anasukuma, na wewe unasukuma naye, mnacheka. Ulikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Ulikuwa umesimama na kila mtu. Ulisimama kwa mwanamke aliyekuwa anamfunga mtoto mgongoni, akawapa maji. Ulisimama kwa bibi mmoja mlangoni pake, mkalala barazani kwake usiku ule wa risasi. Ulisimama kwa mtu wa chukudu aliyekatikiwa na gurudumu, ukamsaidia kutafuta kipande cha mti, naye akakataa kuondoka bila mama yako. Mama yenu alizihesabu zote. Alisema ulisimama mara kumi na moja, na tungemzika njiani kama ungesimama mara kumi.

Na mimi nilisema nini? Nilikuja mbio, nikakushika mabega, na neno la kwanza kutoka kinywani mwangu lilikuwa: "Kambere iko wapi?"

Uliacha kucheka. Ninauona uso ule kila siku ninaponyoa ndevu.

Mama yenu aliniambia baadaye kwamba mzazi yeyote angeuliza. Pengine. Lakini miezi michache kabla hajatuacha, alipokuwa anasema yote aliyokuwa ameyaweka, aliniambia na hili: "Ile ukurasa, Kahindo aliisoma, usiku wakati tulikuwa tunafunga vitu. Aliniuliza kama nyekundu ni ya mutu mubaya." Kwa hiyo ulilisikia swali langu ukiwa umekwisha kuusoma. Ulisimama pale na vumbi lako, umemleta mama yako mzima, ukasikia baba yako anaita bluu yake. Tangu mama yenu aniambie hivyo imepita miaka mitano. Sijui miaka yote hiyo nilikuwa nangoja nini.

Hatukujua habari za Kambere mpaka wiki moja baadaye. Mwanamke wa safu yetu ya mahema ndiye aliyeona. Pale barabara inapobana, watu wenye silaha walikuwa wanatoa vijana pembeni, kuwabebesha masanduku. Hawakuuliza jina wala kabila wala shule. Walitazama mabega. Kambere alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Walimtazama kama nilivyomtazama mimi, mama. Nao walikuwa na daftari lao vichwani, na humo pia alikuwa bluu. Ningemwacha nyuma na mama yake, asukume chukudu, aonekane mtoto wa mgonjwa, labda wangempita. Mimi ndiye niliyempeleka mbele, peke yake, na mzigo begani wa kuonyesha jinsi anavyoweza kubeba.

Nilimpenda zaidi yako? Utakuwa umejiuliza. Nimejiuliza na mimi, na jibu ni hapana. Lakini nilimwona zaidi, kwa sababu alikuwa kitu ninachojua kukipima. Wewe nilikupenda bila kukuona, na mtoto hawezi kujua tofauti. Nisamehe. Sina namna nyingine ya kuiandika.

Miaka mitatu aliyoishi mama yenu baada ya hapo ulitupa wewe. Mugunga, halafu chumba hiki cha Ndosho, sombe, kicheko chake cha puani, yote yalitoka kwenye kusimama kwako mara kumi na moja. Unakumbuka tulivyocheza tena, bila kete, na vikaratasi ishirini kwenye kopo la nyanya? Mama yenu alikuwa mganga. Alikataa kumponya mtu yeyote mpaka amwambie tafadhali. Tulikuita na wewe, ukasema una kazi. Ulikuwa unasimama nyuma yetu na ufagio, mara unamnong'oneza mama yako la kufanya. Bado ulikuwa mwimbaji, hukuwa na fishi tu. Kopo nimelihifadhi. Wakati mwingine mchana kama huu navimwaga vile vikaratasi mezani, navirudisha kimoja kimoja. Nyumba hii itakuwa kubwa mno kuanzia kesho.

Kule uendako utapimwa. Watasikiliza Kiswahili chako, watatazama karatasi zako, watakupa rangi kabla hujakaa. Wengine watafanya hivyo wakiwa na nia njema kabisa, kama mimi. Sikuambii usijali, utajali. Ila mtu akikupa rangi, jiulize kimoyomoyo lile swali la Faustin: kwa meza gani? Na wewe mwenyewe utakapokuwa muuguzi, na vitanda kumi, na dawa ya watu sita, utalazimika kuwapima watu, hakuna atakayekuonea huruma. Pima. Kazi hiyo lazima ifanyike. Lakini andika kwa penseli.

Daftari nimeliweka chini kabisa ya mfuko wako, limefungwa kwa kitenge cha mama yako. Ukurasa wa mwisho sikuuchana, wino wa kalamu ile haufutiki, nilijaribu hata kwa mate. Nilitaka kuandika rangi mpya mbele ya jina lako. Nilibonyeza bluu nikaiogopa, kwa sababu najua nilichokifanya mara ya mwisho nilipompa mtoto wangu bluu. Nikaacha. Chini ya maneno yale, anasimama na kila mtu, nimeandika tu mara kumi na moja, na jina la mama yako.

Sasa ombi langu, na ni moja.

Basi lako litapita Rutshuru kabla ya kwenda mpaka wa Ishasha, na pale sokoni dereva husimama karibu nusu saa. Hujui kwamba nilikwenda huko mwaka juzi. Nilikuambia ninakwenda Sake kuulizia kazi. Dereva mmoja wa pikipiki alikuwa amesikia kwa mwenzake kwamba sokoni Rutshuru kuna kijana mwenye kovu kidevuni, anawasimulia watoto hadithi, kreti la nyanya likiwa meza yake, anatupa kitu cha kijani chenye pande nyingi. Nilisimama sokoni siku nzima. Nyumba yetu niliiona, ina watoto wa watu wengine uani na ule mparachichi umekatwa. Lakini kuuliza niliuliza vibaya. Nina sauti ya mwalimu, Kahindo. Nikiuliza jina la kijana katika nchi iliyopigana hivi, watu wanadhani nimetumwa. Wananiamkia kwa heshima na kunyamaza.

Wewe hawatakunyamazia. Shuka. Nenda kwa wanawake wanaouza pale pale ulipo mlango wa basi, usiende mbali, usimfuate mtu yeyote anayesema njoo nikuonyeshe. Usiulize jina. Usiulize habari za wenye silaha. Nunua parachichi, uliza habari za watoto, kama unavyofanya kila siku ya Mungu na kunichelewesha. Halafu uliza kama wamewahi kuiona kete ya kijani, ya pande ishirini, iliyomeguka pembeni. Hakuna anayeogopa kuulizwa habari ya kete. Wakisema hapana, sema aksanti, panda basi, uende ukasome, usilie mpaka Kampala, na usinifiche kwenye simu. Wakisema ndiyo, waachie ujumbe mmoja tu wa kumpa mwenye kete: Papa anasema meza bado ipo.

Maisha yako yote nimekuwa nakuambia usisimame. Nimekosea. Simama, mama. Uliza.

Nimeinua kichwa sasa, nimekuona kupitia mlango. Umerudi mapema kuliko nilivyohesabu. Umefika kwa yule mzee wa chukudu, umeweka kikapu chini, anakuonyesha kitu mkononi na wewe umeinama kukitazama. Chai inapoa, mfuko wako haujafungwa, na jua linakwenda. Sikuiti. Ongea naye mpaka umalize.

Papa yako